Kitabu cha Mvua ya Bashu Kirudi Nyumbani

Mwaka 1981 kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kilitoa kitabu kuhusu mvua ya Beni. Jina lake ni Chiefship and Cosmology, yaani uchifu na namna watu wanavyouelewa ulimwengu, na mwandishi wake ni mwanahistoria Randall Packard. Anayekisoma toka mwanzo hadi mwisho hukuta swali moja likirudi sura baada ya sura: katika milima ya Mitumba, juu ya bonde la Semliki, nani ameishika mvua, aliipataje, na watu hupatwa na nini wakubwa wawili wanapoigombania?

Wenye habari hiyo ni Bashu, tawi la Banande. Uchifu wao upo hadi leo katika eneo la Beni, pamoja na uchifu wa Watalinga na sekta za Ruwenzori na Beni-Mbau. Mji wa Butembo hula kila siku mazao ya milima hiyo. Mama anayeshuka na kikapu cha maharagwe kuelekea sokoni anajua vizuri sana maana ya mvua kuchelewa wiki mbili. Lakini kwamba historia ya mvua hiyo, ya waliokuwa wakiiombea na ya waliopoteza vyeo kwa sababu ilikataa kunyesha, imeandikwa na kuwekwa kwenye maktaba za Ulaya na Amerika, hilo yeye hajaambiwa.

Aambiwe. Kitabu cha Packard kina kazi kubwa zaidi Beni na Butembo kuliko Bloomington, Marekani, kilikochapishwa, na kazi hiyo hakiwezi kuifanya kikiwa kwa Kiingereza. Katika miji hii miwili matambiko ya wakubwa wa zamani yamebaki na sura mbili tu kichwani mwa vijana: uchawi wa kuogopwa, au dawa ya kuzuia risasi. Packard anaonyesha sura ya tatu, iliyokuwa ya kwanza kwa umri: matambiko kama deni la mtawala kwa watu wake.

Alifika kwa Bashu katika miaka ya 1970, akiwa mwanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1976 akatetea tasnifu yake ya udaktari kuhusu siasa za kushika matambiko kati ya Bashu katika karne ya 19. Nchi ilikuwa inaitwa Zaire. Rais Mobutu alikuwa ameamuru watu waache majina ya Kizungu na kurudia majina ya mababu, na redio ilihubiri uhalisi wa Kiafrika asubuhi na jioni. Wakati huohuo, mwaka 1973, utawala wake ulijaribu kuwageuza machifu kuwa maofisa wa kawaida wa serikali, wanaoweza kuhamishwa toka eneo moja kwenda jingine kama wanavyohamishwa makarani. Jaribio hilo lilishindikana, na kitabu cha Packard kinamsaidia msomaji kuelewa kwa nini. Mwami, yaani chifu wa Bashu, hahamishiki. Kazi yake imefungwa na udongo fulani, makaburi fulani, familia fulani zenye haki ya kumtawaza na familia nyingine zenye haki ya kumkatalia. Ukimpeleka Rutshuru au Masisi unabaki na mtu mwenye kofia.

Inafaa kukaa kidogo na jinsi mwami anavyofanywa mwami, maana hapo ndipo ufundi wote ulipo. Kwa mawazo ya Bashu kama Packard alivyoyapokea toka kwa wazee, dunia ina upande wa nyumbani na upande wa pori. Nyumbani kuna moto, mashamba, ndoa, watoto na mababu wanaojulikana majina. Porini kuna wanyama, magonjwa, roho zisizo na ukoo, na nguvu kali zisizo na mwenyewe. Mtu angedhani basi kwamba pori ni baya na nyumbani ni pazuri, na mambo yameisha. Siyo hivyo. Mvua nayo ni nguvu isiyo na mwenyewe. Ikija kwa kipimo inalisha. Ikizidi inaporomosha mlima pamoja na mihogo. Ikikataa, inaua polepole. Watu wanazihitaji nguvu za pori na wanaziogopa kwa wakati mmoja, kwa hiyo lazima awepo mtu anayesimama mpakani, anayezipokea na kuzituliza kabla hazijaingia mashambani. Mtu huyo ndiye mwami, na sherehe ya kumtawaza ni kazi ya kumtoa katika ubinadamu wa kawaida na kumweka hapo mpakani.

Ndiyo sababu hajitawazi mwenyewe. Anavishwa taji, mbita, na watu wenye haki ya kulishika. Anapewa mke wa utawala, mombo, ambaye ndoa yake ni sehemu ya ibada na ambaye mwanawe ndiye anayetazamiwa kurithi. Wapo ndugu wakubwa, wapo waganga, wapo wenye mvua ambao koo zao zilikuwa katika milima hiyo kabla ya ukoo wa kifalme kufika. Kila mmoja ana kipande chake cha kazi, na hakuna kipande kinachofanya kazi peke yake. Mwami akigombana na wenye mvua, kiti chake kinatikisika hata kama ana mikuki mingi.

Na hata kufa kwake hakukuwa jambo la familia tu. Mwanaanthropolojia Mwitaliano Francesco Remotti, wa Chuo Kikuu cha Torino, aliyeanza utafiti wake kwa Banande mwaka 1976 na kuurudia kwa miongo mingi, ameandika jinsi mwili wa mwami ulivyotengwa na miili mingine: taya lake la chini liliondolewa na kuhifadhiwa, na kaburi lake likawa mahali penye miti isiyokatwa. Jirani zetu Baganda nao walihifadhi mataya ya makabaka, wafalme wao, katika majumba yaliyotunzwa kizazi hata kizazi. Kiungo kinachosema ndicho kilichobaki juu ya ardhi. Mtu wa leo anaweza kushtuka, lakini aangalie kilichopatikana: kila mwami mpya alitawala akijua kwamba waliomtangulia wapo, mahali pao panajulikana, na watu watamlinganisha nao.

Sasa tuje kwenye siasa, maana Packard ni mwanahistoria na hakwenda Beni kukusanya maajabu. Hoja yake ni kwamba katika karne ya 19 ushindani wa wakubwa wa Bashu ulikuwa ushindani wa kushika matambiko. Pembe za ndovu zilikuwepo, chumvi ya Katwe ilikuwa ikipita, silaha na wafanyabiashara wa Kimanyema na wa pwani waliingia msitu wa Ituri upande wa magharibi, na mwaka 1889 msafiri Stanley alipita bonde la Semliki na msafara wake akiwa na Emin Pasha. Mtu mwenye mali angeweza kununua wafuasi. Lakini mali haikutosha. Aliyetaka kuwa mkubwa wa kweli alipaswa kuwavuta upande wake wenye mvua na waganga, kwa ndoa, kwa zawadi, kwa maneno matamu au kwa vitisho, hadi watu waone kwamba ardhi inatulia mikononi mwake.

Je, ikikataa kutulia? Hapa ndipo kitabu kinakuwa cha moto. Mvua ilipokosekana, watu hawakusema tu kwamba anga limekasirika. Waliuliza nani anatawala, nani anampinga, na nani kati yao amevunja utaratibu. Njaa ilisomwa kama ushahidi wa utawala mbovu au wa vita vya wakubwa. Wafuasi walihama. Mpinzani aliyekaa kimya kilima cha pili alianza kupokea wageni usiku. Mwami aliyeshindwa na mvua hakuwa na pa kujificha, kwa sababu ibada ileile iliyompa utukufu ndiyo iliyompa hesabu ya kutoa.

Bashu hawako peke yao katika hili. Milimani Usambara, Tanzania, Washambaa walikuwa na wafalme wa mvua wa ukoo wa Wakilindi waliokaa Vuga, na mwanahistoria Steven Feierman aliandika habari zao mwaka 1974. Huko wazee walisema kwamba nguvu moja isiyo na mpinzani huiponya nchi, lakini nguvu kwa nguvu zikikutana huiua. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi: kila mtu wa Beni analielewa hilo bila mwalimu. Tofauti moja inauma. Habari za Wakilindi ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, mtu aliyeishi nao na kuwajua, kabla ya wanavyuo wa Ulaya kufika na kalamu zao. Mtoto wa Lushoto anaweza kusoma jinsi Mbegha alivyopata ufalme kwa lugha anayonunulia chumvi. Mtoto wa Bashu anahitaji Kiingereza kwa Packard, Kiitaliano kwa Remotti, na Kifaransa kwa Padri Lieven Bergmans.

Bergmans anastahili neno lake. Alikuwa Mwasumpsio, wa shirika la watawa Wakatoliki lililofika Beni mwaka 1929, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichapisha hapahapa Butembo vitabu vyake kuhusu Banande: historia ya Baswagha, kisha imani na desturi. Alikusanya mengi ambayo bila yeye yangezikwa pamoja na wasimulizi. Aliandika kama padri, akiyaona mambo hayo kama imani zinazongojea Injili, na msomaji anapaswa kulijua hilo. Lakini vitabu vyake viliuzwa mjini, na wazee waliosoma Kifaransa waliweza kuvibishia. Kitabu cha Packard hakikupata bahati hiyo.

Kilichofuata baada ya karne ya 19 kinajulikana zaidi. Wabelgiji walipotaka kutawala milima, walitaka mtu mmoja wa kupokea amri, kukusanya kodi na kutoa vibarua. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 ilitambua machifu na kuwaweka chini ya serikali, na amri ya mwaka 1933 ikapanga upya utaratibu huo. Chifu alivishwa medali. Kama medali hiyo iliangukia mtu mwenye mbita, vizuri; kama ilimwangukia mwingine, serikali haikujali. Kuanzia hapo chifu aliweza kushindwa kila kitu kwa watu wake na bado akabaki kitini, mradi kodi imefika. Deni lilibadilisha upande: aliyekuwa anawajibika kwa vilima sasa aliwajibika kwa ofisi. Hilo ndilo jeraha ambalo watu wa Beni na Butembo wanalibeba hadi leo, na halitibiwi kwa kubadilisha rangi ya bendera.

Tangu miaka ya 1990 vijana wengi wa vilima hivi wamepita katika makundi yenye silaha ya Mayi-Mayi. Wengine walikwenda kulinda vijiji, wengine kulipiza kisasi, wengine kwa kukosa kazi. Mambo yao ya dawa yanajulikana: kijana anachanjwa, ananyunyiziwa maji yaliyoombewa, anapewa masharti. Asiibe. Asiguse mwanamke. Asishikwe mkono na mtu asiyepita katika dawa. Asile vyakula fulani. Akishika masharti, risasi itageuka maji.

Akifa, basi alivunja sharti.

Hapo ndipo mtu aliyemsoma Packard anasimama na kukunja uso. Katika utaratibu wa mwami, tambiko likishindwa, lawama ilipanda juu: mkubwa ndiye aliyeulizwa. Katika dawa ya risasi lawama inashuka chini hadi kwa mdogo kuliko wote, kijana wa miaka 17 aliyelala kwenye nyasi bila viatu, ambaye hawezi tena kujitetea. Mganga yuko salama. Kamanda yuko salama. Tajiri aliyetoa fedha za bunduki yuko salama zaidi. Wasemao kwamba Mayi-Mayi wanaendeleza mila za mababu wanapaswa kuulizwa swali hilo waziwazi: mababu gani hao waliomwachia mtoto alipe makosa ya mkubwa? Kinjekitile wa Ngarambe, aliyewapa watu maji wakati wa vita vya Majimaji katika Tanzania ya leo mwaka 1905, alinyongwa na Wajerumani. Angalau alilipa kwa shingo yake. Mwaka 1964 waasi walioitwa Wasimba nao waliamini maji yao katika mashariki ya Kongo. Kila kizazi kinarudia sehemu ya tambiko inayompeleka kijana vitani na kuiacha ile inayomfunga mkubwa.

Sura ya pili ya usahaulifu huu ni mbaya vilevile. Mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kitabu, Packard alichapisha makala kuhusu historia ya misiba kati ya Bashu. Alionyesha kwamba maelezo ya watu kuhusu chanzo cha ugonjwa na kifo hayakudumu yaleyale toka enzi na enzi. Maisha yalipovurugwa wakati wa ukoloni, maelezo nayo yalibadilika, na hofu ya uchawi ikakua. Ni makala fupi ya kitaaluma, lakini maana yake kwa Kivu ni nzito. Kijiji kinapomshika bibi kizee na kumwita mchawi, hakifuati desturi ya kale isiyobadilika. Kinafuata njia iliyokatwa juzi, wakati watu walipopoteza mahali pa kupeleka swali lao. Mwaka 2021, katika eneo la Kalehe huko Kivu Kusini, wanawake kadhaa waliuawa baada ya kutajwa na watu waliojiita manabii. Msiba ulikuwa wa wote, na hukumu ikamwangukia asiye na mtetezi. Kama kuna hoja moja ya Packard inayopaswa kusomwa katika parokia, misikiti na mahekalu ya Butembo, ni hiyo.

Packard mwenyewe hakubaki kwenye mvua. Alifundisha Tufts, kisha Emory huko Atlanta, kisha akaongoza taasisi ya historia ya tiba ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Mwaka 1989 alitoa kitabu kuhusu kifua kikuu Afrika Kusini, akionyesha kwamba wachimba migodi weusi walikufa kwa vumbi, mshahara mdogo na mabweni yaliyojaa, na kwamba madaktari waliosema ni udhaifu wa rangi yao walikuwa wanaisaidia migodi. Mwaka 2007 aliandika historia ya malaria, na akaianzia Arkhangelsk, kaskazini kabisa mwa Urusi, ambako ugonjwa huo uliua watu katika miaka ya 1920 bila joto lolote la tropiki, kwa sababu ya njaa na vurugu za vita. Mwaka 2016 akatoa historia ya afya ya kimataifa, kitabu kinachosema bila kuficha kwamba kwa zaidi ya karne moja wageni wamekuja Afrika na Asia kupiga vita ugonjwa mmoja mmoja, wakiwa na vifaa vipya na mipango iliyotungwa mbali, huku zahanati za kawaida zikiachwa bila dawa na wenyeji bila sauti.

Wengine wanadhani hizo ni kazi mbili tofauti, ya ujana na ya utu uzima. Ni kazi moja. Aliyejifunza kwa Bashu kwamba msiba huuliza swali kuhusu utawala, aliendelea kuuliza swali hilohilo mbele ya kifua kikuu na mbu.

Miaka miwili tu baada ya kitabu hicho cha 2016, ugonjwa ulifika kulekule alikoanzia. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola Mangina, katika eneo la Beni. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa, wengi wao katika Kivu Kaskazini. Chanjo ilikuwepo, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Hilo lilikuwa jema na liliokoa maisha. Lakini riposte, kama kila mtu alivyokiita kikosi cha kupambana na Ebola, ilikuja na magari mengi, askari wa kusindikiza, na fedha ambazo mjini zilipewa jina la Ebola biashara. Watu walitazama. Tangu Oktoba 2014 walikuwa wakichinjwa kwa mapanga vijijini karibu na Beni na hawakuona magari kama hayo. Desemba 2018 wakaambiwa kwamba kwa sababu ya Ebola na usalama hawatapiga kura pamoja na wenzao. Walipiga Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi hadi kufa hospitalini Butembo. Wakati huohuo surua ilikuwa inaua watoto kote Kongo, na hadi mwanzoni mwa 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000, bila msafara wa magari.

Kumuua daktari ni dhambi isiyo na udhuru, na waliofanya hivyo waliwaua pia wagonjwa ambao angewatibu. Hilo lisemwe kwanza. Kisha liulizwe swali ambalo wataalamu waliokaa hotelini hawakuliuliza mapema: kwa nini watu wenye akili timamu, wafanyabiashara wanaofika Dubai na Guangzhou na kurudi, walidai kwamba ugonjwa umeletwa? Majibu mengi yalikuwa ya haraka: ujinga, ushirikina, uvumi. Packard angewasaidia. Watu hawa walikuwa wanafanya walichofanya mababu zao mvua ilipokataa. Walikuwa wanauliza nani anatawala, anagombana na nani, na kwa nini nchi inakufa mikononi mwake. Swali lilikuwa sahihi kabisa. Majibu waliyopewa mtaani yalikuwa ya uongo, kwa sababu waliopaswa kulijibu, Kinshasa, Goma na Geneva, walinyamaza au walizungumzia kunawa mikono.

Packard naye si mtume. Kitabu chake cha Bashu ni kigumu, kimeandikwa kwa wenzake wa chuo, na mara nyingine utaratibu wa nyumbani na pori unaonekana umenyooka mno, kana kwamba kila mzee aliuona ulimwengu kwa ramani hiyohiyo. Machifu wenyewe hawakuwa malaika. Mwami aliyetuliza mvua aliweza pia kuchukua mbuzi wa mjane, na watumwa waliuzwa katika bonde la Semliki kama kwingineko. Anayesoma kitabu hiki na kutaka tu kurudisha enzi za mbita hakukielewa. Na kuna deni jingine: maarifa yaliyomo yalitoka vinywani mwa wazee wa vilima waliokaa na kijana Mmarekani saa nyingi, wakijibu maswali, wakimsahihisha. Cheo cha udaktari kilikwenda Wisconsin. Wajukuu wao wana haki ya angalau kusoma walichokisema babu zao, na kusema kama kimeandikwa sawasawa.

Kazi hiyo inawezekana. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kipo Butembo tangu 1989. Waasumpsio wana uzoefu wa kuchapa vitabu mjini humo. Kyaghanda Yira, chama kinachobeba jina la baraza walimokaa wazee jioni, kinajua wapi pa kupata watu wanaosema Kinande cha ndani na Kiswahili kizuri. Redio za Beni na Butembo zinasikilizwa hadi mashambani, na sura moja ya kitabu hiki, ikisomwa Jumapili mchana na mzee wa Bashu akiwa studio kuikubali au kuipinga, ingezaa mjadala wa wiki nzima. Idhini iombwe kwa wachapishaji. Wanafunzi wa historia na wa lugha wapewe sura mojamoja kama kazi zao za kumaliza masomo, badala ya kunakili tena na tena maelezo ya jumla kuhusu mila. Wafanyabiashara wa Butembo walijenga barabara na hata umeme serikali iliposhindwa. Kufasiri kitabu kimoja ni gharama ndogo kuliko kontena moja la vitenge.

Na ianze upesi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Packard alipokuwa akizunguka vilima hivyo sasa ana zaidi ya 70. Bado wapo wanaokumbuka nani alimvisha nani mbita, ukoo gani uliitwa mvua ilipochelewa, na mwami yupi alikimbiwa na watu wake. Msomaji aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani, Isale au Vuhovi, Oicha au katikati ya Butembo, amkalishe wiki hii, awashe simu irekodi, na amuulize.